Je, Ni Vema Kulipwa kwa Kujibu Maswali?

Hapa Kalerwe tuko karibu na Makerere na Mulago, ndiyo maana watafiti hutufikia. Lakini na wezi hutufikia. Mama mmoja wa kwetu alitoa shilingi 20,000 za "kujiandikisha" ili alipwe kwa kujibu maswali kwa simu. Ulikuwa mtaji wake wa nyanya. Hakulipwa, na namba ile ikazimwa.

Tuwapime hivi. Mtafiti wa kweli hueleza kazi yake, huomba ridhaa, na ukikataa hakulazimishi. Haombi ada wala namba ya siri ya mobile money. Hapa Uganda utafiti juu ya watu hupitiwa na kamati ya maadili na kusajiliwa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia (UNCST). Tuombe kuona barua. Anachotoa ni nauli na fidia ya muda wetu. Akiahidi safari ya Marekani, tumkimbie: huduma za UNHCR hazilipiwi.

Kulipwa hivyo si dhambi. Lakini tukiongeza vifo katika majibu ili tupate zaidi, tunatofautianaje na yule wa simu? Tutasema njaa haina sheria. Njaa tunaijua, sisi sote. Ila siku uongo wetu ukigunduliwa, jirani aliyezika watoto kweli ndiye hatasadikiwa.

Tulivuka mpaka mikono mitupu. Ushuhuda wetu ndio tuliobaki nao. Tusiuharibu. Mungu atusaidie. Amina.