Wanunuzi Wasiokuwepo

Likizo iliyopita nilitoka Tororo kwenda Busia kumsaidia mjomba wangu. Anauza viatu upande wa Uganda, na wateja wake wengi wako ng'ambo, Kenya. Tovuti alikuwa nayo, ila watu walikuwa wakiingia, wakitazama, wakiondoka. Kazi yangu ilikuwa kuwafanya wanunue.

Mengi niliyofanya hayakunisumbua. Niliandika bei kwa shilingi za nchi zote mbili. Nikaongeza picha ya soli, maana hata sokoni mtu hugeuza kiatu kwanza. Fomu ya maswali tisa ikabaki na matatu. Kumrahisishia mtu kununua anachokitaka ni sawa na kupanga meza vizuri.

Mjomba akataka zaidi. Alikuwa ameona kwa wenzake maandishi mekundu: "Zimebaki jozi 2 tu", "Watu 14 wanatazama kiatu hiki sasa". Nikamwekea. Namba hazikutoka stoo. Niliandika mstari wa programu unaochagua namba yoyote kati ya 2 na 5. Nikaweka na saa ya kuhesabu dakika 10 kurudi nyuma, ambayo ukifungua ukurasa upya inaanza tena. Stoo maboksi yalikuwa yamefika darini. Viatu vikatoka, akanilipa, nikalipia ada.

Muhula huu tukafika kwenye biashara zilizokatazwa, tukasoma najshi. Mtume (s.a.w.) alikataza mtu asiye na nia ya kununua kupandisha bei ili mwingine aingie mtegoni. Nikamwona mtu huyo sokoni Busia, ameshika kiatu, anasema anakichukua yeye, kumbe katumwa. Kisha nikawakumbuka wale watu 14. Niliwatunga mimi.

Rafiki yangu wa chumbani anasema nazidisha. Najshi ni kupandisha bei, na bei ya mjomba haikupanda hata shilingi. Hapo ana hoja. Hata ile hadithi ya rundo la nafaka, kavu juu na bichi ndani, haitulingani sana, maana viatu vilikuwa vizima. Lakini katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, muuzaji na mnunuzi wana hiari ya kurudi nyuma maadamu hawajaachana. Sheria inampa mnunuzi muda wa kufikiri. Saa yangu iliwekwa makusudi kumnyang'anya muda huo. Rafiki anaongeza kwamba siku hizi kila mtu anajua saa zile ni za uongo. Wangejua wote, mauzo yasingepanda.

Kinachoninyima usingizi ni hukumu yenyewe. Wamaliki humpa aliyedanganywa kwa najshi hiari ya kurudisha, muuzaji akiwa alijua. Kwetu Mashafi bei inasihi, na dhambi inabaki kwa aliyejifanya mnunuzi. Mjomba hajui hata mstari wa programu unafananaje. Mkono ulikuwa wangu.

Nilimpigia simu nikamwomba tuiunganishe ile namba na hesabu ya kweli ya stoo. "Mwanangu," akasema, "tovuti haina tatizo. Wewe soma." Nenosiri bado ninalo. Naweza kuufuta mstari ule usiku huu asijue, ila tovuti ni mali yake, na kuingia mali ya mtu bila idhini nako kuna hukumu yake. Kesho nitamuuliza mwalimu. Mpaka hapo saa inahesabu.