Kadi ya herufi nne

Kadi yenyewe ilikuwa ndogo kama tiketi ya daladala. Juu yake niliandika kwa kalamu nyekundu: M, O, N, A. Mofini, oksijeni, nitrogliserini, aspirini. Dawa za mgonjwa aliyepatwa na shambulio la moyo. Nilikuwa mwaka wa pili chuo cha uuguzi, na niliinakili kwa kaka wa mwaka wa tatu, naye aliinakili kwa mwingine aliyekwisha kumaliza. MONA ni neno jepesi mdomoni mwa Mswahili, kwa hiyo tulilishika kwa siku moja. Bwenini tulifikia hadi kutaniana kwa jina hilo.

Usiku mmoja, nikiwa wodini kwa mazoezi, aliletwa mzee wa miaka kama 60. Alikuwa ameshika kifua, shati limelowa jasho. Sista wa zamu akaniambia, "Mdogo wangu, mpime, kisha andaa dawa za moyo. Mimi namwita daktari." Nilimpima, nikaandika majibu kwenye kipande cha plasta nilichobandika mkononi. Kisha nikaanza na M.

Mofini hufungiwa kabatini kwa kufuli. Nikatoka mbio kutafuta mwenye funguo, nikapita troli iliyokuwa kando ya kitanda na kopo la aspirini juu yake. Funguo sikuzipata. Nikarudi, nikasogeza mtungi wa oksijeni, nikamvisha mzee barakoa, ilhali kipimo cha kidoleni kilisoma 97. Kisha nikachukua kidonge cha nitrogliserini. Nilikuwa nimekwisha kumwambia mzee ainue ulimi.

"Presha yake ngapi?" Sista aliuliza nyuma yangu, bila kupaza sauti.

Nikatazama plasta. Ilikuwa 86/54, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Nitrogliserini hutanua mishipa ya damu, na presha hushuka. Presha ya juu ikiwa chini ya 90, dawa hii haitolewi. Hata kama presha ya mzee ingekuwa nzuri, lilibaki swali ambalo sikumuuliza, kwa kuwa halimo kwenye herufi nne na pia kwa kuwa nilimwonea haya: je, amemeza dawa za nguvu za kiume? Sildenafili na nitrogliserini ndani ya saa 24 zinaweza kuiporomosha presha hadi mtu azimie au afe.

Sista alinipokonya kidonge, akampa mzee aspirini miligramu 300 aitafune. Daktari alipofika, kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha kwamba upande wa kulia wa moyo nao umeguswa. Mgonjwa wa namna hiyo hutegemea sana damu inayorudi moyoni, na kidonge changu kingeipunguza. Mzee alihamishiwa hospitali kubwa asubuhi, akiongea.

Sikulala siku ile. Nilihesabu ishara nilizozipuuza, nazo hazikuwa chache. Wiki mbili kabla, mkufunzi alinitaka nianzie na A na nieleze kazi yake. Nilikwama. Nikacheka, darasa likacheka, tukaendelea. Tena, aspirini iko mwisho wa neno, ilhali ndiyo inayotakiwa kuwahi. Utafiti wa ISIS-2, uliochapishwa mwaka 1988 ukiwa na wagonjwa zaidi ya 17,000, ulionyesha wazi kuwa inapunguza vifo. Aliyepanga herufi zile alitafuta neno linalotamkika; zamu ya kila dawa hakuigusa.

Ishara iliyonisuta zaidi ni kwamba kadi haikuwa na tarehe. Oksijeni, kwa mfano, ilikuwa ikitolewa kwa kila mgonjwa wa moyo. Mwaka 2017 utafiti wa DETO2X nchini Uswidi, wenye wagonjwa 6,629, haukuona faida ya kuwapa wale ambao kiwango chao hakijashuka chini ya 90. Wataalamu wakabadilisha miongozo, ila kadi yetu ilibaki vilevile, ikinakiliwa kutoka mkono hadi mkono. Na tulikuwa tumeshaonywa: katika kuokoa mtu mzima ambaye moyo wake umesimama, ule mpangilio wa ABC (njia ya hewa, pumzi, kisha kubana kifua) ulibadilishwa kuwa CAB mwaka 2010, kubana kifua kukatangulizwa mbele ya pumzi. Tulifundishwa hilo darasani, tukaliandika, tukajibu mtihani. Haikutujia kwamba MONA nayo inaweza kuzeeka.

Sisemi tuvitupe vifupisho. Mimi bado navitumia, maana saa tisa usiku kichwa huwa kizito na herufi nne husaidia kutosahau dawa. Lakini ndugu zangu, herufi inataja dawa tu. Nani asipewe, na kwa nini, hilo inabidi ulijue wewe. Hata leo, baada ya miaka kazini, ulimi wangu hutangulia kusema M kabla macho hayajafika kwenye presha.

Kwa hiyo wewe unayeanza zamu wodini wiki hii, toa kadi yako mfukoni uigeuze. Kama nyuma ni tupu, andika leo: presha ngapi, oksijeni ngapi, amemeza nini. Halafu weka tarehe.