Yatima wa Tembo na Amana ya Mlezi

Je, yafaa kumnunulia maziwa mtoto wa tembo, hali watoto wa binadamu wanalala na njaa? Wanaouliza hivyo si watu wabaya, na swali lao lina uzito zaidi likiulizwa Lukole, wilayani Ngara, kuliko penginepo.

Mwezi wa Aprili 1994 watu wapatao robo milioni walikimbia mauaji ya Rwanda, wakavuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Wakimbizi wa Burundi nao walijaa Lukole, na kambi yao haikufungwa mpaka mwaka 2008. Waliishi kwa posho ya nafaka na kunde, pasipo nyama, na pori la Burigi halikuwa mbali. Basi wanyama wakawindwa, na nyama ikapikwa gizani hata ikapewa jina la mzaha, mchicha wa usiku. Nani atamhukumu mama aliyempikia mwanawe mchicha huo? Mimi siwezi.

Ama tembo, yeye huuawa hasa kwa pembe zake, na pembe hazijashibisha tumbo la mkimbizi yeyote. Husafirishwa nchi za mbali zikawe bangili, mihuri na mapambo ya sebuleni. Kando ya mzoga hubaki mtoto ambaye kwa miaka miwili ya kwanza hawezi kuishi pasipo maziwa. Wengine hufiwa na mama zao kwa ukame, au hutumbukia visimani. Lakini visima hivyo vimechimbwa na nani? Kwa hiyo, ndugu msomaji, kumlea mtoto huyo kwa sehemu kubwa si sadaka bali ni kulipa deni, na anayelipa deni haambiwi, "Mbona hukutoa sadaka kwanza?"

Deni hili ni gumu kulipa. Huko Kenya, Bibi Daphne Sheldrick, ambaye mumewe David alikuwa mkuu wa hifadhi ya Tsavo Mashariki, alihangaika miaka mingi kabla ya kupata maziwa yanayomfaa tembo mchanga. Ya ng'ombe yalimdhuru. Yaliyomfaa ni ya unga ya watoto wachanga, yakichanganywa na mafuta ya nazi. Yatima mmoja, Aisha, alistawi kwa maziwa hayo. Kisha mwaka 1974 Bibi Daphne akaenda kwenye harusi ya binti yake, na Aisha akakataa kula hata akafa. Alikuwa amemzoea mtu mmoja tu. Tangu hapo walezi hubadilishana zamu, usiku huyu na kesho yule, wakilala zizini pamoja na watoto na kuwanywesha kila baada ya saa tatu, ili asiwepo mtu ambaye kuondoka kwake kutakuwa kifo cha yatima. Shirika lililoanzishwa mwaka 1977, baada ya David kufariki, limekwisha kulea yatima zaidi ya 300 kwa njia hiyo.

Hapa ndipo penye mtihani wa mlezi. Mtume Mtukufu s.a.w. alisimulia habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia. Kosa lake lilikuwa kwamba hakumlisha, wala hakumwachilia ajitafutie. Wajibu ni mbili, na wengi wetu twaikumbuka ya kwanza tu. Kurani Tukufu nayo yamwagiza msimamizi wa yatima amkabidhi mali yake anapokomaa. Kulisha huleta shukrani na sifa, na kwa hakika ni tamu kupendwa na kiumbe asiyeweza kukuacha. Kukabidhi hakuna utamu huo.

Walezi wa Tsavo huwapeleka yatima wao Voi na Ithumba. Huko mchana hukutana na tembo wa porini, jioni hurudi zizini, mpaka siku moja mmoja wao hachagui kurudi. Huenda ikapita miaka mingi kabla ya siku hiyo, na anayeichagua ni tembo, si mtu. Baadhi ya majike wamerudi baadaye wakiwa na watoto wao wenyewe.

Lakini tembo aliyeachiliwa hajui mpaka. Mwaka 2019 mapori ya Burigi, Biharamulo na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, na po pote tembo wanapolindwa, shamba la mahindi laweza kuliwa kwa usiku mmoja. Kwa kanuni za mwaka 2011, Serikali ya Tanzania humpa mkulima wa namna hii kifuta jasho, na jina lenyewe lakiri kwamba si fidia. Ikiwa kumlea tembo ni kulipa deni, mbona linalipwa kwa mahindi yake? Yeye hakumwua mama wa yatima yule, wala mkewe hajavaa bangili ya pembe.