YUSUFU ALINGOJA MIAKA 13. WEWE JE?

Kijana mwenzangu, labda umekuja mkutanoni kusikiliza muziki tu. Karibu! Hata mimi ndivyo nilivyokuja.

Je, umetafuta kazi mpaka soli za viatu zimekwisha? Ndugu wamekuchoka? Sikia habari za Yusufu. Alikuwa na miaka 17 ndugu zake walipomuuza kwa vipande 20 vya fedha. Huko Misri akakataa kulala na mke wa bwana wake. Malipo yake? Akasingiziwa, akatupwa jela! Humo akamsaidia mnyweshaji wa Farao, akamwomba akitoka amtaje kwa mfalme. Yule bwana akatoka, akamsahau miaka 2 mizima! (Soma mwenyewe, Mwanzo 37 hadi 41.)

Wako watakaokuambia ukiokoka shida zinaisha siku hiyo hiyo. Mimi sikudanganyi. Nilipookoka nilikuwa nadaiwa kodi ya chumba, na kesho yake mwenye nyumba alikuja kugonga vile vile. Lakini safari hii sikuwa peke yangu mle ndani. Angalia Mwanzo 39:21, Mungu alikuwa na Yusufu humo humo gerezani, siyo baada ya kufika ikulu!

Aliposimama mbele ya Farao alikuwa na miaka 30.

Rafiki, wewe uko mwaka wa ngapi? Usingoje mpaka utoke shidani. Mwite Yesu sasa, hapo hapo ulipo, kwa maneno yako mwenyewe. Kisha sogea mbele jukwaani, tuombe pamoja.