Huruma Iliyovaa Jezi

Kuna swali ambalo mashabiki wa michezo hulijibu mara kwa mara bila hata kujua kwamba wameulizwa: je, mtu anayetufurahisha anastahili huruma kuliko yule asiyetufurahisha? Ukiuliza waziwazi hivyo, karibu kila mtu atakwambia hapana, watu wote ni sawa mbele ya sheria. Subiri sasa mchezaji wao tegemeo akamatwe usiku na bastola, ndo utajua jibu lao la kweli.

Nachukua kisa kimoja cha Marekani, cha mwaka 2016. Silaha ya kijana si kitu cha ajabu kule, lakini katika kisa hiki mtu mwenye dhamana ya sheria alisema hadharani kile ambacho mashabiki husemea vijiweni.

Kwanza mazingira, kwa msomaji asiyefuatilia mpira wao ule wa kubeba mkononi. Kule timu za vyuo vikuu si timu za bonanza. Uwanja wa University of Alabama pale Tuscaloosa unaingiza watu zaidi ya laki moja, na kocha wake wa wakati huo, Nick Saban, alikuwa akilipwa karibu dola milioni 7 kwa mwaka. Wachezaji hawakuwa na mshahara. Walilipiwa masomo, malazi na chakula, wakapewa na posho kidogo, basi; ruhusa ya kuingiza pesa kwa majina na sura zao ilikuja Julai 2021. Ushabiki wenyewe wa Alabama na jirani zao Auburn unaweza kuuelewa vizuri kama unawajua Simba na Yanga: mtu anazaliwa nao na anazikwa nao.

Januari 2016 Alabama walitwaa ubingwa wa taifa. Mmoja wa mihimili yao alikuwa Cam Robinson, pande la mtu lenye kazi ya kumkinga mpiga pasi asivunjwe mbavu. Mei mwaka huohuo, akiwa kwao Louisiana, katika mji wa Monroe, Robinson alikamatwa usiku na mwenzake wa timu. Polisi walilisogelea gari lililoegeshwa, wakasikia harufu ya bangi, na upekuzi ukatoa bangi na silaha. Bastola moja ilikuwa imeripotiwa kuibwa. Kumiliki bunduki kwenyewe Marekani si kosa. Katiba yao inailinda haki hiyo tangu 1791. Shida ilikuwa silaha kukaa pamoja na dawa za kulevya na, kwa Robinson, silaha inayodaiwa ya wizi.

Mwezi uliofuata mwendesha mashtaka wa eneo lile, Jerry Jones, akatangaza kwamba hataendelea na kesi. Alisema ushahidi hautoshi. Angeishia hapo, mimi nisingekuwa na la kuandika. Bastola kukutwa ndani ya gari haithibitishi peke yake kwamba ni ya huyu au yule, na mtu ambaye hatia yake haijathibitishwa hana hatia. Lakini aliendelea. Akasema sababu yake kubwa ni kwamba anakataa kuyaharibu maisha ya vijana wawili waliotumia ujana wao wakifanya kazi na kutoka jasho, wakati sisi wengine tumekaa kwenye viyoyozi.

Watu wakagawanyika kama unavyotegemea. Na mgawanyiko wa namna hii unafahamika popote penye timu mbili. Wa upande mmoja husema: ni watoto hao, nani hakuwahi kufanya ujinga akiwa na miaka ishirini? Wa upande wa pili husema: sheria ifuate mkondo, wafungwe, wawe fundisho. Ukisikiliza haraka utadhani huo ni mjadala wa huruma dhidi ya haki. Sasa hebu wabadilishie jezi. Mchezaji aliyekamatwa awe wa Auburn. Utashangaa jinsi wapenda huruma watakavyogeuka wapenda sheria, na wapenda sheria watakavyoanza kukumbuka ujinga wa ujana wao.

Wahenga wetu walishasema: ukipenda, chongo huita kengeza. Tunaitaja methali hii kwa wapenzi, lakini kuna watafiti waliikuta uwanjani. Mwaka 1951 timu za vyuo vya Princeton na Dartmouth zilicheza mechi ya vurugu. Nyota wa Princeton alitoka amevunjika pua, na mchezaji wa Dartmouth akavunjika mguu. Baadaye wanafunzi wa vyuo vyote viwili walionyeshwa filamu ya mechi hiyohiyo, wakaombwa kuhesabu rafu. Wa Princeton waliwaona Dartmouth wakifanya rafu zaidi ya mara mbili ya zile walizoziona wanafunzi wa Dartmouth wenyewe. Utafiti huo, wa Hastorf na Cantril, ulichapishwa 1954. Wale vijana hawakuwa waongo. Kila mmoja alisema alichokiona, ila jicho lake lilikuwa limevaa jezi.

Kesi ya silaha inalipa jicho hilo kazi kubwa zaidi, kwa sababu ni kesi ya jambo ambalo bado halijatokea. Pale Monroe hakukuwa na maiti. Tunachohukumu ni hatari, yaani kile ambacho kingeweza kutokea, na pengo hilo kila mtu hulijaza kwa moyo wake. Mwenye timu anaona usiku ambao haukuwa na lolote. Mpinzani anaona damu.

Na damu si ya kufikirika tu. Januari 2023, karibu na chuo hichohicho cha Alabama, mama kijana wa miaka 23 aliuawa kwa risasi. Mchezaji mmoja wa timu ya kikapu akawa miongoni mwa watu wawili walioshtakiwa kwa mauaji, akaondolewa kwenye timu. Mwezi uliofuata polisi walieleza mahakamani kwamba nyota wa timu hiyo ndiye aliyefika na gari ambalo bunduki ilikuwamo. Hakushtakiwa kwa lolote. Siku iliyofuata alicheza ugenini, akafunga pointi 41, huku mashabiki wa wenyeji wakiimba afungwe. Jamani! Yule mama alishakuwa kaburini, mtoto wake anakua bila yeye, na kifo chake kimegeuzwa wimbo wa kumtoa mtu mchezoni. Siamini kama waliokuwa wakiimba walikuwa wanamlilia. Na waliokuwa wakishangilia zile pointi 41, sijui ni wangapi waliolijua hata jina lake.

Narudi kwa yule mwendesha mashtaka na jasho lake. Kuna watu walimcheka. Mimi naona nusu ya maneno yake ni kweli tupu, tena ni ukweli ambao waendesha mashtaka husema kwa nadra: usiku mmoja wa kijana usitoshe kumharibia maisha yake yote. Alimtazama kijana aliye mbele yake akaona miaka yake ya nyuma na miaka yake ya mbele, si lile gari peke yake. Hivyo ndivyo hakimu mwema anavyotakiwa kutazama.

Shida ipo kwenye jasho. Kwa sababu Louisiana, kwa miaka mingi, ilikuwa ndiyo jimbo linalofunga watu wengi kuliko jimbo lolote Marekani kulingana na idadi ya wakazi wake, na weusi ndio wengi magerezani humo. Wale nao walikuwa vijana wakati fulani. Wapo waliobeba mizigo ghalani, waliochoma nyama mgahawani, waliolea wadogo zao mama akiwa zamu ya usiku. Nao walitoka jasho, bwana, tena hakuna aliyewalipia kiti ili aje kulitazama. Kama jasho ndilo linalonunua huruma, basi inabidi tuseme wazi ni jasho la aina gani: lile linaloonyeshwa kwenye televisheni siku ya Jumamosi.

Na hapo huruma inakuwa kitu kingine. Huruma ya kweli humtazama mtu kwa kuwa ni mtu. Hii nyingine humtazama kwa kuwa ana kazi kwetu, na huruma ya namna hii ni mkopo. Mchezaji mweusi wa kwanza kuichezea timu kuu ya mpira ya Alabama alishuka uwanjani mwaka 1971. Kabla ya hapo, uwanja ule ulioshangilia mabingwa haukuwa na haja na jasho la kijana mweusi hata tone. Robinson alicheza msimu wake wa 2016, na Desemba akatwaa Outland Trophy, tuzo ya mchezaji bora wa safu za mbele, kisha akaenda kucheza mpira wa kulipwa. Nafurahi kwamba maisha yake hayakuishia Monroe. Lakini jiulize: angekuwa amevunjika goti mwezi mmoja kabla ya kukamatwa, asiweze kucheza tena, zile sauti za kumtetea zingekuwa ngapi?

Kwa hiyo sisemi shabiki aache kupenda. Ushabiki usio na upendeleo si ushabiki. Nasema ajue mipaka ya nyumba yake. Uwanjani, pendelea utakavyo. Lalamikia rafu ambayo haikuwepo, hakuna atakayefungwa. Ila jambo likifika polisi, kuna vitu viwili vya kutenganisha. Kifungo ni cha mahakama, nacho kinataka ushahidi. Jezi ni heshima, nayo timu inaweza kumvua mtu kwa wiki kadhaa bila kungoja hakimu, kama mzazi anavyomnyima mwanawe ruhusa ya kutoka. Shabiki anayesema "tusubiri mahakama" kila mara, halafu mahakama ikiacha kesi anasema "yameisha", anatumia haki ya mtuhumiwa kuzikwepa adabu za nyumbani.

Kisha ajipime mara mbili. Kwanza ambadilishie mtuhumiwa jezi, amvishe ya mahasimu. Kipimo hiki wengi wanakijua, na watu waungwana hukifaulu. Kipimo cha pili ndicho kigumu: amvue jezi kabisa. Abaki kijana tu, miaka ishirini na kitu, gari limeegeshwa gizani, bastola ndani, hana kocha, hana wimbo, hana mtu wa kumwita jina akipita barabarani. Akimwona huyo bado anastahili kusikilizwa, kuadibishwa na kupewa nafasi nyingine, basi huruma aliyompa nyota wake ilikuwa huruma. Akimwona ni mhalifu tu kama wengine, basi ajue kwamba tangu mwanzo hakuwa akimtetea mtu. Alikuwa akiitetea Jumamosi yake.