Mluzi wa Breki

Gari yangu, Toyota ya mwaka 1998, ilianza kupiga mluzi kila nikikanyaga breki. Fundi wa Chake Chake akafungua tairi la mbele, akanionyesha kibati kidogo ubavuni mwa pedi. Pedi ikilika hadi kubaki milimita mbili tatu, kibati hugusa diski na kulia. Kimewekwa makusudi kikuudhi. Ukikipuuza, kinachofuata ni mkwaruzo wa chuma kwa chuma.

"Pedi mpya hadi zije kutoka Unguja," akasema. "Nikikunje kisilie?"

Nikasema kikunje.

Jioni nikashika njia ya Wete, ile ya zamani, milima na kona tupu. Nikampakia bi mkubwa mmoja na wajukuu wake wawili. Gari kimya kabisa.

"Gari yako nzuri, mwanangu."

"Alhamdulillahi," nikajibu.

Sikusema uongo. Nimelirudia neno hilo mara nyingi, na mimi ndiye ninayeandika habari za wakubwa wanaoficha ripoti. Lakini ule mluzi ungelia, bibi angeuliza. Pengine angeshuka, angesubiri daladala. Hatari nilikuwa nimeikubali kwa niaba yangu, sawa, shingo ni yangu. Je, ya kwake niliikubali kwa idhini ya nani? Kilichokunjwa pale gereji kilikuwa kinamhusu na yeye.

Tulifika salama. Kabla ya kushuka akaniombea dua ndefu, ya safari na ya riziki. Watoto wakaitikia amina kwa sauti. Mimi yangu haikutoka vizuri.