Amri ya Kulitazama Ua

Uislamu na Ukristo vina amri inayofanana ambayo mimbarani haitiliwi mkazo unaostahili. Katika sura ya 6 ya Injili ya Mathayo, Yesu anawataka wasikilizaji wake wayatafakari maua ya kondeni. Katika aya ya 99 ya Surat Al-An'am ya Kurani, watu wanaambiwa wayatazame matunda pindi mti uzaapo na pindi yaivapo. Amri zote mbili zinapitia jichoni kabla ya kufika moyoni, na ugumu uko kwenye utekelezaji. Aliyeamrishwa kufunga anajua saa ya kuanza na saa ya kufuturu, na mtoa zaka anakijua kiwango chake. Lakini aliyeamrishwa kutazama atajibu kwamba ana macho na ameshatazama. Nashikilia kwamba bado. Kutazama ni ujuzi, hauji kwa kuzaliwa na macho mazima tu, na katika zama hizi pahali pazuri pa kujifunzia ni bustani ya nyumbani, kwa kupiga picha maua yaleyale kila siku huku mtu akijifunza kuipanga kamera yeye mwenyewe.

Tofauti hii kati ya kuwa na macho na kujua kutazama aliieleza zamani Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra mnamo mwaka 965 na kufanya kazi zake kubwa Cairo. Katika Kitab al-Manazir alionyesha kwamba tunaona kwa mwanga unaotoka kwenye vitu na kuingia machoni, kisha akatenganisha kutupia jicho, ambako akili hukitambua kitu kwa alama chache inazozijua tayari, na kuzingatia, ambako jicho hupita sehemu moja baada ya nyingine hadi umbo lithibitike. Kamera iliyoachwa kwenye otomatiki hutupia jicho. Kipimamwanga chake kwa kawaida hukichukulia chochote kilicho mbele yake kuwa na mng'ao wa wastani, kama wa kijivu. Maua ya asumini yakijaza fremu, picha hutoka na weupe uliofifia kama majivu, na mpigaji inambidi aongeze mwanga hatua moja au zaidi. Ua jekundu la haibiskasi hudai kinyume: mwanga ukizidi, wekundu unafurika na mishipa ya petali inamezwa. Mwanafunzi analazimika kujiuliza asichojiuliza mpita njia: weupe huu ni wa kiasi gani, na ndani ya wekundu huu mna nini? Tundu la lenzi nalo lina swali lake. Likipunguzwa kutoka f/4 hadi f/8 mwanga unaoingia hubaki robo, lakini sehemu inayotoka wazi huongezeka. Na kwa kuwa lenzi iko karibu mno, hata hapo ua halitoki lote wazi. Itabidi aamue kama anataka chavua au ukingo wa petali. Akiifidia ile robo kwa kupunguza kasi ya shata kutoka 1/250 hadi 1/60, upepo mdogo utalitikisa shina na kuiharibu picha. Akipandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, chembechembe zitatapakaa kwenye vivuli. Hakuna mpangilio usiomgharimu kitu. Tena ua la haibiskasi kwa kawaida hudumu siku moja, na asumini hufunguka jioni, mwanga unapotoroka, kwa hiyo jibu la jana halimtoshi leo.

Ushahidi wa kazi ya namna hii upo. Imogen Cunningham, Mmarekani aliyesomea kemia, katika miaka ya 1920 alikuwa California akilea wana watatu wadogo, na kwa kuwa hakuweza kwenda mbali aliielekeza kamera kwenye mimea ya bustani yake. Picha yake ya ua la magnolia ya mwaka 1925 inaingia hadi kwenye kiini cha ua, palipo na stameni. Mwaka 1932 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kundi lililojiita Group f/64, kwa jina la mpangilio wa tundu dogo mno linaloacha kila kitu kionekane wazi.

Wapo watakaopinga kwamba kamera ndiyo inayoua kutazama. Mwandishi Susan Sontag, katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu upigaji picha, alieleza jinsi picha inavyoweza kuwa njia ya kulikwepa tukio lenyewe. Utafiti wa mwanasaikolojia Linda Henkel, uliochapishwa 2014, ulimpa nguvu: watu waliopiga picha vitu vya makumbusho walivikumbuka kidogo kuliko vile walivyovitazama tu. Nalikubali hilo, na siwatetei wanaopiga na kupita. Lakini utafiti huohuo ulikuta kwamba waliovuta lenzi karibu na sehemu moja ya kitu kumbukumbu yao haikupungua, hata kwa sehemu zilizobaki nje ya picha. Kwa hiyo kinachodhuru ni kuiachia mashine kazi ya kuzingatia.

Pingamizi zito zaidi ni la jirani: ua linatazamwa, na mwenye njaa je? Mwanafalsafa Simone Weil, katika insha aliyoiandika mwaka 1942, alidai kwamba zoezi la jiometri, hata likimshinda mwanafunzi, humkuzia uwezo wa kuzingatia, uwezo uleule anaouhitaji katika sala na mbele ya mtu anayeteseka. Naamini picha za maua zilizoharibika zina faida hiyo pia. Ni kweli wapo wanaoiona kila chembe ya chavua wasimwone kijana anayeimwagilia bustani. Uwezo hauzai nia. Lakini nia njema isiyojua kutazama humpa jirani asichohitaji.

Walimu wa madrasa na wa shule za Jumapili, wengi wa vijana wenu wanaweza kupata simu. Mpeni kila mmoja mmea mmoja wa kupiga picha kila siku kwa muhula mzima, otomatiki ikiwa imezimwa, naye aeleze kwa nini alichagua kila mpangilio. Anayehofia hukumu ya Kiislamu kuhusu picha akumbuke riwaya iliyomo katika Sahihi ya Bukhari: sahaba Ibn Abbas alimruhusu mtengeneza picha kufanya miti na vitu visivyo na roho.